Neno Refu Kuliko Nyoka

Swali la mwalimu wa chekechea lilikuwa jepesi, tena aliliuliza kwa upole, na aliyelikosa hakuwa mtoto.

"Kati ya nyoka na sisimizi," alisema, akimtazama msichana mdogo aliyesimama mbele yake na kidole mdomoni, "neno refu ni lipi?"

Wazazi walikuwa wamebanana kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Shule iliwaita waje kujionea watoto wao wamefikia wapi kabla ya kwenda darasa la kwanza. Msichana aliyeulizwa alikuwa anaitwa Kifungo, nyumbani na shuleni, kwa kuwa alizaliwa mdogo kama kifungo cha shati na jina la kwenye cheti likasahaulika kabatini. Alikuwa anafikiri. Baba yake, aliyekaa safu ya nyuma, hakuwa na desturi hiyo. Alikuwa mnadi wa mitumba sokoni, mtu ambaye mkate wake ulitegemea kusema kabla mwenzake hajasema, na watu wa soko walimwita Spika kwa sababu alipokohoa upande wa makoti, upande wa viatu waligeuka.

"Nyoka!" akajibu Spika, na vioo vya dirisha vikatetemeka.

"Nyoka," Kifungo akarudia upesi, akifurahi kuokolewa.

Mwalimu akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekwisha kulea watoto wakubwa kuliko hao. "Baba, sikuuliza mnyama. Nimeuliza neno. Nyo-ka." Akapiga makofi mawili. "Si-si-mi-zi." Akapiga manne. "Sasa neno refu ni lipi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Binti wa kinyozi, jirani yao mlango kwa mlango, alisema hata yeye alijua, na baba yake kinyozi akaangalia juu kwenye dari kwa unyenyekevu wa mtu ambaye mtoto wake anasoma vibao vya maduka tangu hajaota meno ya pili. Spika naye alicheka, tena kuliko wote. Kazini alikuwa amejifunza kwamba ukichekwa na umati, cheka wewe zaidi, wataona kichekesho ni chako. Lakini chini ya kicheko hicho alijiambia: ndevu zote hizi, na umeshindwa mtihani wa watu wanaonyonya vidole.

Kikao kilipokwisha, mwalimu akamwomba abaki.

"Kifungo haumwi masikio," alianza. "Nimempeleka kwa nesi wa shule, anasikia vizuri. Ila akisikia neno anaona kitu. Nikisema paka, anamwona paka mzima na masharubu yake. Hasikii kwamba paka limeanza kama pasi na kama papai. Sasa nikimpa herufi, hana pa kuibandika."

"Si umpe herufi nyingi zaidi, mwalimu?"

"Nikikupa misumari mingi na ukuta hakuna, utatundika wapi picha?" Mwalimu akapunguza sauti. "Alirudia mwaka jana. Muhula huu ukiisha hivi hivi, mwalimu mkuu amesema atahamishiwa lile darasa la pembeni. Mimi sitaki. Cheza naye nyumbani, baba. Mpigie makofi kwenye maneno. Tafuteni vitu vinavyoanza sawa. Imbeni maneno yenye mwisho mmoja. Kidogo kidogo, bila kelele."

Darasa la pembeni kila mzazi alilijua. Watoto wengine walikuwa wamelibandika jina: stoo. Spika, ambaye hakuwa amezoea kuogopa kitu bila kukisema kwa nguvu, akapiga kifua.

"Mwalimu, kama ni sauti umekuja kiwandani. Niachie mimi."

Mwalimu akamtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Spika akachukulia kwamba amekubali.

*

Chumba chao cha mbele kilikuwa sebule, na saluni, na kuanzia jioni ile kikawa shule. Mke wake alikuwa msusi. Wateja walikaa kwenye mkeka katikati ya miguu yake, chanuo likiwa kati ya meno yake na mkebe wa mafuta ya nywele ubavuni, na kwa sababu ya chanuo lile alikuwa mtu wa maneno machache. Spika akatundika ukutani bango la herufi alilolinunua njiani. Lilikuwa na tembo, tausi na vitu vingine ambavyo Kifungo hajawahi kuviona.

"Haya! Hii hapa ni nini? Be! Be na a?"

"Ba," akasema Kifungo.

"Umeona?" Spika akamgeukia mkewe. "Anajua! Be, a, ba. Be, a, ba. Baba! Sasa niambie, Kifungo, 'baba' inaanza na nini?"

Kifungo akalitafakari swali. Akamtazama baba yake juu hadi chini, kama anayetafuta mahali mtu huyu anapoanzia.

"Inaanza na chai," akasema.

Mteja aliyekuwa akisukwa akacheka hadi kichwa kikatoka mikononi mwa msusi. Na kweli kila asubuhi baba alianza na chai, kabla hata ya kumsalimu mtu. Lakini Spika hakuliona hilo. Aliliona darasa la pembeni, mlango wake uliobanduka rangi, na kinyozi akiangalia dari.

"Sikuuliza kunywa! Nimeuliza neno!" akafoka, na hakutambua kwamba alikuwa akiyarudia maneno ya mwalimu huku amesahau upole wake. "Baba! B! B! Sema b!"

Akapiga meza. Kesho yake akaipiga tena. Alifundisha kama anavyonadi koti, kwa kupandisha. Swali la kwanza kwa sauti ya kawaida, la pili juu yake, la tatu linasikika kwa kinyozi. Kifungo akaanza kujibu kwa mabega. Baadaye hata mabega yakanyamaza. Baba alipoingia, mtoto alihamia nyuma ya mgongo wa mteja yeyote aliyekuwepo, akatulia pale kama sufuria nyuma ya mlango. Siku moja, baba akiwa amefika kwenye herufi yenye tembo, chini ya miguu ya mtoto pakalowa. Hakulia. Alisimama tu akiangalia bango.

Msusi akatoa chanuo mdomoni.

"Baba Kifungo, unamfundisha au unamnadi?"

"Namsaidia!"

"Basi msaidie aende akabadilishe nguo." Akaenda naye mwenyewe chumbani, na mteja aliyesukwa nusu ya kichwa akabaki akimtazama Spika kwa jicho ambalo watu humtazama nalo mtu aliyeinua bei ya chumvi.

*

Sauti ilimkauka sokoni, mchana kweupe, mbele ya umati.

Alikuwa amesimama juu ya meza na koti zuri la sufu mkononi. Kipaza sauti kilikuwa begani, lakini alikitumia kama pambo tu. Aliona ni aibu mwanaume kuazima sauti kwa betri. Tangu asubuhi koo lilikuwa linawasha, na wiki nzima kabla ya hapo alikuwa akinadi mchana na kufundisha jioni. "Mara ya kwanza!" akapaza. "Mara ya pi..." Pakatoka kitu mfano wa bawaba isiyopakwa mafuta. Umati ukacheka ukidhani ni mbwembwe zake. Akajaribu tena, pakatoka hewa. Wakacheka zaidi. Akashika koo na kutoa macho, mama mmoja akajifuta machozi ya kicheko, akamwambia mwenzake, "Leo ametuweza." Hata koti liliuzwa, kwa bei nzuri, na mwenye kulinunua akamshukuru kwa burudani.

Daktari akamwingiza kioo kidogo kooni.

"Nyuzi zako za sauti zina vinundu, na mmoja umevilia damu," akasema. "Unafanya kazi gani?"

Spika akafungua mdomo ajibu.

"Usinijibu! Kuanzia sasa usiseme neno. Kunong'ona ndiyo kabisa usinong'one, kunakwaruza kuliko kupiga kelele. Ukae kimya mpaka nikuone tena, na tena nikuone baada ya hapo. Ukikaidi, hiyo sauti utaisikia kwenye simulizi za watu."

Spika akachukua kalamu ya daktari, akaandika nyuma ya kadi ya matibabu: *Nitaishije?*

Daktari akasoma, akamrudishia. "Kimya kimya," akasema.

*

Hakuna anayejua ana adui wangapi mpaka ashindwe kuwajibu. Mnadi wa viatu akachukua meza yake sokoni "kwa muda tu, ndugu yangu, mpaka upone," na akakichukua na kipaza sauti. Kinyozi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akishindwa kila ubishi wa mpira na siasa, sasa alikuja kibarazani kila asubuhi kuanzisha mmoja. "Kunyamaza ni kukubali," alisema mwishoni, akaondoka mshindi. Spika alibaki akitikisa kichwa kama mbuzi aliyepigwa na mvua.

Nyumba sasa ilisimama juu ya vidole vya msusi. Alianza kwenda kusuka majumbani mwa watu, akitoka asubuhi na kurudi jua likiwa limeinama, vidole vimekakamaa hadi hawezi kushika kikombe. Spika akaosha vyombo. Akafua. Akampeleka mtoto shule, amevaa shingoni kipande cha boksi alichokiandika: *DAKTARI AMENIKATAZA KUSEMA*. Watu wa njiani walikisoma kwa sauti na kumpa pole za kelele, kama vile aliyepata hitilafu ni sikio. Kifungo alitembea hatua mbili mbele yake. Alikuwa bado hajaamini kwamba kelele zimekwisha.

Getini mwalimu alisoma lile boksi taratibu.

"Pole sana, baba," akasema. Halafu hakuweza kujizuia. "Basi leo nitamaliza sentensi niliyoimeza siku ile."

Akaimaliza. Akamkaribisha akae nyuma ya darasa aone. Spika akakaa kwenye kile kiti cha sisimizi na kutazama. Hapakuwa na bango wala fimbo. Mwalimu alikuwa na kikapu chenye vitu: kijiko, kitana, sabuni, soksi, kopo, sahani. Watoto walitoa kimoja kimoja, wakataja jina, wakakiweka pamoja na vitu vinavyoanza sawa. Walipokosea hakuna aliyepiga meza. Kifungo alipofikiwa alichukua sabuni, akaiweka kwenye kopo. "Vinakaa pamoja bafuni," akaeleza kwa sauti ndogo. Mwalimu akasema ni kweli, vinakaa pamoja bafuni, haya tusikilize midomo yetu: sssabuni. Ssssoksi. Kopo. Kifungo akasikiliza. Hakupata, lakini alisikiliza, na Spika akashangaa kugundua kwamba hajawahi kumwona mtoto wake akisikiliza. Alikuwa amemwona akivumilia tu.

*

Mchana ule msusi alikuwa kwa mteja, na Spika alitaka kuwasha jiko apashe maharage. Kiberiti hakionekani. Kifungo ndiye aliyekuwa na tabia ya kujenga nyumba za vidoli kwa viberiti. Akamgusa bega. Mtoto akaruka.

Spika akapiga magoti. Akaonyesha jiko. Akafanya kama anakwangua.

"Unajikuna?" akauliza Kifungo.

Akatikisa kichwa. Akachezesha midomo bila sauti: *ki-be-ri-ti.* Na kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kulirefusha, akapiga makofi: moja, mbili, tatu, nne.

Kifungo akaangalia midomo. Akasogea. "Ki..." akasema. "Kijiko?"

Spika akatikisa kichwa, akapiga makofi manne. Kifungo akapiga ya kwake, "ki-ji-ko," yakaisha mapema, mkono wa baba ukabaki hewani ukisubiri.

"Kijiko kimeisha," akasema mtoto kwa mshangao. "Bado kuna makofi." Akakunja uso. "Ki. Ki-ko-mbe. Kimeisha. Ki... ki-be-ri-ti!" Akaruka, safari hii kwa sababu nyingine. "Kiberiti! Unataka kiberiti!"

Akakitoa chini ya mkeka, kilikuwa kitanda cha kidoli. Spika akataka kupiga kelele za furaha, akakumbuka, akapiga makofi, ya hovyo, yasiyo ya neno lolote.

"Hilo neno gani refu hivyo?" akauliza Kifungo.

Maharage hayakupata moto siku ile. Walicheza. Baba alitaka maji, akafumba midomo. Mtoto akasema mama, mkate, mto, mpaka akafika. Baba alitaka pasi, mtoto akasema basi, akasema mama tena, kwa kuwa midomo ya p na b na m ni ndugu wa tumbo moja, yote inaanza kwa kufumba. Walikwama hapo. Kifungo akaweka kiganja mbele ya mdomo wa baba yake, kama anayepima joto la chai.

"Tena," akaamuru.

*Pasi.*

"Inapuliza!" Akajaribu kwenye mdomo wake mwenyewe. "Pasi. Papai. Paka. Zote zinapuliza! Mama haipulizi. Mama inapita puani." Akashika pua, akasema mama, ikakwama, akacheka hadi akaanguka mkekani.

Akaanza kusema. Alieleza kwamba sisimizi wana shimo nyuma ya choo. Kwamba binti wa kinyozi anasoma vibao lakini hajui kuruka kamba. Kwamba lile neno "stoo" linaanza kama nyoka anavyolia. Kwamba bango linamwogopesha kwa sababu tembo yule ana jicho moja. Akasema, akasema, akasema, na Spika alikaa ameegemea ukuta bila namna yoyote ya kumkatiza. Maneno hayo yote yalikuwa ndani ya mtoto huyu siku zote. Hakuwa amepata tu pa kuyaweka, nyumba ilikuwa imejaa.

Aliona haya, haya ya kweli, si ile ya kuchekwa. Kisha akainuka, akabandua bango, akaligeuza likatazama ukuta.

Msusi aliporudi aliwakuta gizagiza, jiko la baridi, mume akifanya midomo kama samaki na mtoto akimwekea kiganja.

"Mmepatwa na nini?"

"Shh," akasema Kifungo. "Baba anaanza na p."

*

Siyo kwamba mambo yalinyooka. Zipo siku Kifungo alisahau yote, akasema ndizi inaanza na ganda. Zipo siku Spika aliona mkono wake ukielekea mezani wenyewe, akaukalia. Zikitajwa sauti za mwisho wa neno, wote wawili walipotea, mmoja kwa utoto na mwingine kwa kukosa pa kuuliza. Na jikoni palipungua: sukari ikawa ya wageni, kisha hata wageni wakaambiwa chai ya bila sukari ni nzuri kwa moyo. Msusi alisema hivyo bila kucheka, akisugua vidole vyake kwa mafuta ya wateja. Spika akavichukua vidole hivyo, akavikanda kimoja kimoja.

Siku ya mtihani wa mwisho wa muhula ilipofika, mwalimu mkuu mwenyewe alikuja kukaa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani shingoni, na alimsalimu Spika kwa sauti ya juu sana akilikodolea macho lile boksi. Kifungo akasimama mbele, kidole mdomoni kama zamani.

"Kati ya treni na kiberiti," akauliza mwalimu, "neno refu ni lipi?"

Spika alijua jibu. Alilijua mpaka kwenye vidole vya miguu. Akafumba mdomo kwa mkono, na wa pili akauweka juu ya wa kwanza.

"Treni," akasema Kifungo.

Mwalimu mkuu akachukua kalamu.

"Ngoja!" Mtoto akainua kiganja kama askari wa barabarani. Akapiga paja lake, taratibu, midomo ikitembea. "Tre-ni." Akapiga tena. "Ki-be-ri-ti." Akamtazama mwalimu mkuu kwa huruma. "Treni yenyewe ndiyo ndefu. Lakini neno lake ni fupi. Neno refu ni kiberiti, hata kama unakiweka mfukoni."

Maswali mengine hakuyapata yote. Aliulizwa akitoa sauti ya kwanza kwenye "paka" atabaki na nini, akasema atabaki na mkia. Lakini alitaja vitatu vinavyopuliza na viwili vinavyopita puani, na alipoulizwa nani amemfundisha hivyo vya puani, akasema, "Baba. Hajui kusema."

Mwalimu mkuu akavua miwani, akamtazama Spika kwa mara ya kwanza bila kupandisha sauti. "Ataingia darasa la kwanza," akasema. "Kazi bado ipo, msiache. Lakini ataingia."

Spika akalia pale pale, kwenye kiti cha watoto, bila sauti. Kinyozi, aliyekuwa amekaa pembeni akingoja zamu ya bintiye, akampa leso, na kwa mara ya kwanza hakuanzisha ubishi.

*

Daktari alimruhusu kusema mvua zilipoanza. Kidogo, alisema, na chini chini, na sokoni asirudi juu ya meza. Akinadi, anadi kwa kipaza sauti kama watu wengine. Sauti iliyorudi ilikuwa ndogo na yenye mchanga. Spika aliisikiliza kama mtu aliyerudishiwa shati baada ya kufuliwa vibaya.

Siku hiyo hiyo, alasiri, mkewe akisuka kichwa cha mteja na mvua ikigonga bati, Kifungo akamkalisha baba yake mkekani. Sasa yeye ndiye mwalimu, na kwa kuwa baba ana sauti, alikuwa na mchezo mpya kutoka shule.

"Nasema maneno mawili. Wewe sema ni sawa au si sawa. Kalamu. Karamu."

"Sawa," akasema Spika. "Umerudia neno moja."

"Si sawa, Baba. Kalamu ya kuandika. Karamu ya kula."

"Ndiyo, najua. Moja ya kuandika, moja ya kula. Lakini kutamka ni kule kule."

"Haya, tamka wewe."

"Kalamu," akasema Spika kwa uangalifu. "Kalamu."

Kifungo akamtazama. Ulikuwa uso ule ule wa mwalimu, wa subira na huruma. Nyuma yao chanuo lilidondoka. Msusi alikuwa ameziba mdomo, na mteja wake akitikisika mabega.

"Mnacheka nini?"

"Sema 'raha'," msusi akasema.

"Laha."

"Sema 'karibuni'."

"Kalibuni. Kuna nini?"

Yote ambayo Spika ameyasema tangu mwanzo wa habari hii yameandikwa kama alivyoyasikia yeye mwenyewe. Masikio ya wengine yalikuwa na habari nyingine.

"Mume wangu," msusi akasema, akijifuta macho, "ulipokuwa unanichumbia uliniahidi maisha ya laha. Nikangoja. Nikadhani utaniletea karatasi."

Spika akakaa akayapitia yote. Meza yake sokoni, umati, kila alipopaza "Kalibuni! Bei ya laha!" na watu wakavunjika mbavu. Miaka yote akidhani ana kipaji cha kuchekesha. Akajiona kwa mbali, juu ya meza, kifua mbele, anauza sauti ambayo hakuwahi kuisikia. Akaanza kucheka, kicheko kidogo cha mchanga, kikamwuma koo, akaendelea nacho hivyo hivyo.

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizo?"

"Ningekuambia lini?" akauliza mkewe.

Kifungo akamshika baba yake kidevu kwa vidole viwili, akakigeuza kuelekea mwanga wa mlangoni.

"Ulimi juu, hapa nyuma ya meno," akasema. "Halafu utikise. Rrrr. Kama pikipiki."

"Llll," akasema Spika.

Mteja akageuka aone vizuri. Mlangoni kinyozi alikuwa amesimama kukwepa mvua, na hakuna shaka kwamba alisikia. Spika akafunga mdomo. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Kifungo hakukiachia kidevu. Akasogea karibu, akashusha sauti ili wageni wasisikie.

"Usiogope, Baba," akasema. "Mimi sitakupigia kelele."

Spika akafungua mdomo.